Sweta la Baba Askofu Lenye Kofia

Jumatatu, 4 Mei

Tumsifu Yesu Kristo, mdogo wangu Nóirín. Hujambo huko Boston? Shemeji hajambo? Na Cormac wako, kikohozi kimemwacha? Sisi wazima, Mungu ashukuriwe, isipokuwa miguu ya mama na meno ya kaka yetu Beartla. Safari hii sikuandikii barua ya kawaida. Nitaandika siku kwa siku, halafu nikutumie zote kwa pamoja. Ukishasoma, tia motoni. Humu mna mambo ambayo Padri Cualáin hana haja ya kuyajua.

Nina mpango.

Baba Askofu anakuja kutoa kipaimara, Jumatatu ya Pentekoste. Unaijua desturi yetu. Akitoka kanisani anakula chakula cha mchana kwenye nyumba moja, kisha anarudishwa melini. Nyumba ya nani? Ya jirani yetu Neain. Siku zote ya Neain! Kisa ana meza ya kukunjua. Kana kwamba meza ile ilitajwa kwenye Injili.

Sasa mama. Tangu Noeli hajatoka kitandani. Kanisani hafiki tena. Anataka kitu kimoja tu: abusu pete ya Askofu, apewe baraka, basi. Halalamiki, lakini kila tukimaliza Rozari ananiuliza bahari ikoje, kama mtu anayesubiri mgeni. Kwa hiyo Askofu lazima aingie nyumba hii. Na Askofu huingia pale anapokula. Kwa hiyo lazima ale kwetu.

Mama anasema, si umwambie tu Padri? Maskini mama. Mambo makubwa hayaombwi hivi hivi. Yanatengenezwa.

Sikiliza. Safari iliyopita, aliposhushwa kutoka melini kwenda kwenye mtumbwi, masikio yake yalikuwa mekundu kama kaa aliyechemshwa. Nikayaona. Nikayaweka moyoni. Sasa ninamfumia sweta zito la sufu nyeupe, misokoto ya kamba kifuani na mgongoni, na LENYE KOFIA. Kisiwa hiki hakijawahi kuona sweta lenye kofia. Beartla ni mmoja wa wapiga makasia, atamvalisha majini. Atafika gatini ana joto lake, atauliza nani kafuma, ataambiwa Baibín, atasema basi leo nakula kwa Baibín. Rahisi kabisa!

Mgongo umeshafika kwapani. Nina furaha tele.

Jumatano, 6 Mei

Tatizo la kichwa. Sina kipimo. Picha pekee ya Baba Askofu ni ile ya kalenda ya jimbo iliyopo juu ya jiko, na hapo amevaa ile kofia yake ndefu yenye ncha. Nimeitazama asubuhi nzima. Nikaelewa. Kofia ya sweta lazima ipite juu ya ile nyingine! Utamvalishaje Askofu kitu cha kumvua uaskofu?

Nikamkalisha Beartla kwenye kigoda, nikamvika kichwani kile kifuniko cha sufu cha birika. Kinafanana sana, ukikisimamisha. Nikapima kutoka kidevuni, juu mpaka kileleni, na kushuka tena. Beartla akauliza kama Askofu anaivaa kofia ile hata baharini. Nikamwambia Askofu ni Askofu popote. Akauliza chai yake iko wapi. Chai ilikuwa imepoa, maana kifuniko kilikuwa kichwani mwake. Mama alicheka mpaka nikamletea maji.

Kofia nimeianza peke yake. Nitaiunga shingoni mwishoni.

Alhamisi, 7 Mei

Kupaa kwa Bwana. Misa asubuhi. Kazi ya mikono hapana. Mikono imelala mapajani kama samaki wawili. Siku ndefu kuliko Kwaresima.

Jumamosi, 9 Mei

Kofia imekwisha! Leo nilifuma kifua nikitembea njiani, kama mama alivyotufundisha, kofia nimeining'iniza mkononi na donge la uzi ndani yake. Inafaa sana kwa kubebea. Nikapita mbele ya dirisha la Neain. Nikarudi. Nikapita tena. Sikuwa nachungulia, nilikuwa natembea huku shingo imegeuka.

Nóirín, ana sufu nyeupe! Rundo lake limewekwa dirishani, na sindano zimechomekwa. Na yeye anamfumia Askofu!

Akaniona. Akatoka nje na mikono yenye unga, akauliza nafuma nini. Nikasema, cha Cormac, mpwa wangu wa Boston. Nitaungama. Akaichukua ile kofia, akaigeuza, akaipima kwa mkono wake mpaka kwenye kiwiko.

"Shoga," akasema, kwa sauti ya chini kabisa, "huyo mtoto kichwa chake kina nini?"

Nikasema ni kirefu kidogo.

"Kidogo?" akasema. "Hiki ni kichwa cha karoti. Nóirín maskini, na hakutuambia."

Nisamehe, mdogo wangu. Ningefanyaje? Ningemwambia kweli, mpango ungekufa pale pale njiani.

Jumapili, 10 Mei

Siku ya aibu. Padri Cualáin alisoma nia za Misa. Wagonjwa, marehemu, na "mtoto Cormac wa Boston, mwenye maradhi ya kichwa." Kanisa zima likageuka kunitazama kwa huruma. Mimi nikatazama viatu vyangu. Neain alilia kidogo. Ana machozi ya karibu yule.

La pili ni baya zaidi. Nyumbani nikatandaza kifua cha sweta kitandani kwa mama, kukitazama tu, kutazama si kazi. Mama akanyoosha kidole. Misokoto yote ya upande mmoja inakwenda kulia, kisha ghafla inageukia kushoto, kisha inarudi kulia. Ni ile niliyoifuma mbele ya dirisha la Neain! Shingo iligeuka, na mikono ikafuata.

Lazima ifumuliwe. Lakini Jumapili! Nikarudi mbio kanisani, nikamkuta Padri sakristia, nikamuuliza kwa mfano tu, si kwamba ni mimi, kama mtu akifumua, je, amefanya kazi, au ameiondoa kazi iliyokwisha kufanywa? Maana ukiiondoa kazi, kazi inakuwa pungufu, na Jumapili inakuwa imeheshimiwa zaidi. Padri akasema, Baibín, nenda nyumbani ule viazi vyako.

Hakusema ndiyo, hakusema hapana. Nikala viazi. Sikufumua. Lakini niliuvuta uzi kidogo tu, kuona kama umekaza.

Jumanne, 12 Mei

Nimefumua, nimefuma upya, nimepita hata pale nilipokuwa nimefika Jumamosi. Sasa kumchelewesha Neain. Nilifikiri sana wakati nakamua ng'ombe. Neain hawezi kufuma misokoto bila kile kijisindano kifupi cha kushikia vitanzi. Nikaenda kukiazima. Nikasema changu kimevunjika. Nitaungama.

Akanipa! Akaniongezea na cha pili, cha akiba, eti nisije nikakwama. Na mtungi wa jamu ya zabibu mwitu kwa ajili ya Cormac, nimtumie, ina nguvu. Nikatoka pale na vijisindano vyote na jamu kwapani, nikijisikia jemadari.

Jamu haitafika Boston, ingevunjika njiani. Tumeila na mkate. Nzuri sana, lazima niseme kweli.

Ijumaa, 15 Mei

Limekwisha! Nimeliosha, nimelitandaza juu ya ukuta wa mawe, na mawe madogo pembeni lisije likaruka kwenda Galway, ng'ambo ya maji, peke yake. Linanuka kondoo kidogo. Ni harufu ya uaminifu. Misokoto imesimama kama kamba za meli. Beartla kalijaribu. Mwili sawa, mikono sawa, kofia ilimshukia mpaka mdomoni na ncha yake ikalala begani. Alisema kitu humo ndani lakini sikusikia. Nikamwambia yeye si Askofu, hana cha kuijazia.

Nimempa maagizo. Subirini mtoke kwenye kivuli cha meli, upepo umpige kidogo, halafu umvalishe kwa heshima. Beartla akauliza, na akikataa? Nikamwambia amtazame masikio.

Padri alipita kumletea mama Komunyo. Wakanong'ona, nilipoingia na chai wakanyamaza. Mambo ya kiroho. Nikamdokeza Padri kwamba nyumba yetu ina kiti kizuri. Akasema amekiona, amekikalia.

Jumapili, 17 Mei

Pentekoste. Nilimwomba Roho Mtakatifu upepo wa baridi kwa kesho, usiwe wa kuua, wa kuuma masikio tu. Jioni mama akauliza bahari ikoje. Nikasema inaamka. Akanishika mkono, akasema shali yake nyeupe iko safi, niitoe kabatini. Nikaitoa. Kama mpango huu ukianguka, Nóirín, hapati tena. Askofu akirudi safari nyingine, mama hatakuwepo. Sote tunalijua hilo na hakuna anayelisema.

Jumatatu, 18 Mei

Keti chini kwanza.

Upepo! Nilisikilizwa, na nyongeza juu. Asubuhi kisiwa kizima tuko gatini. Watoto wa kipaimara mbele, wavulana katika masweta yao meupe. Na mjukuu wa Neain naye, jipya kabisa, misokoto imenyooka kama imechorwa na rula. Ndiyo ile sufu ya dirishani! Kila bibi kisiwani anamfumia mjukuu wake sweta jeupe la kipaimara, nimeyaona maisha yangu yote, na sikuwaza. Neain akaniambia alimalizia kwa kibanio cha nywele, kwa kuwa vijisindano viko kwangu, na kwamba nisijali hata kidogo. Nikajali. Kidogo.

Meli ikatia nanga mbali kama kawaida, mtumbwi ukaenda, mtumbwi ukarudi. Kitu cheupe kimesimama katikati yake. Kirefu! Upepo ulikuwa umeingia ndani ya kofia na kuisimamisha wima, kama mnara wa kanisa uliopewa usafiri. Beartla kaniambia baadaye kwamba Baba Askofu alikuwa anatetemeka, akalipokea kwa shukrani, akalivaa juu ya kila kitu, msalaba na vyote, na kwamba kichwani hakuwa na kitu isipokuwa nywele chache. Ile kofia yake ndefu husafiri ndani ya sanduku! Nani angejua?

Sasa tazama balaa. Wapiga makasia wote wamevaa masweta meupe. Baba Askofu naye sweta jeupe, uso hauonekani. Mmoja tu ndani ya mtumbwi amevaa koti jeusi na kofia nyeusi: katibu wake, kijana mwembamba, amekuwa kijani kwa kichefuchefu.

Neain alikuwa mbele ya wote, mahali pake pa siku zote, miwani kaiacha nyumbani kwa ajili ya sherehe. Akapiga magoti mbele ya yule katibu, akambusu mkono. Nyuma yake wanawake wote chini, pu! Watoto wakaanza kuimba. Yule kijana alifungua mdomo kukanusha, akaufunga haraka, kwa sababu za tumbo.

Wakati huo Baba Askofu anapanda ngazi za gati kwa kupapasa, Beartla kamshika kiwiko. Neain akainuka, akajipangusa magoti, akaona mpiga kasia mmoja amesimama tu hana kazi.

"Wewe wa kofia," akamwambia, "usisimame hapo kama mlingoti. Chukua sanduku la Baba Askofu. Na usiligongegonge, si la samaki hilo."

"Haya, mama," ikasema sauti kutoka ndani ya sufu.

Akalichukua! Nilipaswa kusema kitu. Nikisema, namwaibisha Neain mbele ya kisiwa kizima. Nisiposema, Askofu anapandisha kilima akiwa hamali. Nilipokuwa bado napima dhambi ipi ni ndogo, msafara ulishafika kanisani. Neain kamkokota katibu mkono wa kulia, mke wa mwalimu mkono wa kushoto, na nyuma kabisa sweta na sanduku, likijikwaa kwenye kila jiwe.

Padri Cualáin alikuwa mlangoni. Akamtazama katibu. Akatazama nyuma. Akashuka, akaishika ile kofia kwa vidole viwili, akaishusha.

Neain akarudi kusimama nyuma ya wote. Tangu abatizwe, mara ya kwanza. Baba Askofu alikuwa mwekundu, jasho linamtiririka, nyuzi za sufu zimemganda mdomoni, anacheka. Akasema amefika parokia nyingi, na hii ndiyo ya kwanza kumpa kazi kabla ya kumpa chai.

Lakini hakuuliza nani kafuma! Nilikuwa nimesimama pale pale, mikono mbele, nipo tayari kuulizwa. Akaingia kanisani. Misa, kipaimara, nyimbo. Akatoka. Nikamwona Neain, mwekundu bado, akinyooshea mkono nyumba yake.

Nikaenda nyumbani. Mama ameegemezwa kwenye mito ya kitanda, kachanwa nywele, shali nyeupe. Nikakaa ukingoni mwa kitanda. Nikamwambia, mama, nimeshindwa, haji.

Mama akasema, "Ondoa sufu yako kwenye hicho kiti, mwanangu. Atakaa wapi?"

Hodi. Padri Cualáin, na nyuma yake Baba Askofu, ameinama mlangoni, sweta kalikunja mkononi. Akakaa kwenye kiti. Mama akaishika ile pete kwa mikono yote miwili, akaibusu, na hakuiachia, na yeye hakuivuta. Akamwekea mkono kichwani, akasali taratibu kama mtu asiye na meli inayomsubiri. Mama alikuwa na uso wa msichana. Mimi nilipiga magoti nyuma ya mlango nikalia kwenye aproni. Nóirín, ungekuwepo. Nilikulilia sehemu yako pia.

Walipotoka, nikamuuliza mama alijuaje.

"Nilimwomba Padri," akasema. "Siku ile aliponiletea Komunyo. Akakubali, na chai yake ilikuwa bado inatoa moshi. Neain naye akasema nyama yake itasubiri, Askofu aje hapa kwetu kwanza."

Neain! Alijua! Nikauliza kwa nini basi hakuna aliyeniambia mimi.

"Ulikuwa na raha na mpango wako," mama akasema. "Nani angekunyang'anya?"

Kisha akalala. Usingizi mzuri, mdomo wazi.

Jioni tukamsindikiza gatini. Baba Askofu alikuwa amelivaa tena sweta. Kofia imelala mgongoni, na ndani yake Neain alikuwa amempakia mkate mzima na vipande vya nyama, na bado palibaki nafasi.

Jumanne, 19 Mei

Mama kaamka na njaa. Kala yai na viazi viwili, na kuuliza kama kuna jamu. Beartla kaenda kwenye mitego yake ya kamba wa baharini, anaimba, jino limetulia. Jua limetoka. Sina la kulalamikia.

Nimerudisha vijisindano kwa Neain, na mtungi mtupu uliooshwa. Tumekunywa chai kwenye meza ya kukunjua. Hatukuizungumzia gati. Nilimshukuru kwa ajili ya mama, akasema ah, achana na hayo, wewe ungefanya hivyo hivyo. Nikajimiminia chai ya pili. Akauliza habari za Cormac. Nikasema kichwa kinapungua. Alifurahi sana. Usimwandikie kukanusha, tafadhali, amefunga kula sukari kwa ajili yake, na sala haiendi bure kwa mtoto yeyote.

Nimelifikiria jambo zima, Nóirín, na nimeona wazi. Bila sweta, Baba Askofu angepigwa na baridi mtumbwini. Angeshikwa na homa. Angegeuza meli. Mama asingepata baraka. Kwa hiyo mpango ulifanya kazi, tena barabara. Kosa lilikuwa moja tu, kipimo cha kichwa, na hilo linarekebishika.

Maana Padri Cualáin kaniambia leo kwamba kengele ya kanisa imepasuka, na kwamba atamwandikia Askofu kuomba nyingine. Kuomba! Nikamwambia asiandike kitu, aniachie mimi. Ninyi huko mna askofu wenu, na nasikia Boston kuna kengele nyingi. Nimeshaanza mgongo wa sweta lake.

Sasa kazi yako ni ndogo. Jumapili kaa kiti cha nyuma ya askofu wenu, nyoosha uzi kwa siri kutoka sikio mpaka sikio, kisha kutoka kidevuni mpaka utosini, akiwa hana kofia. Funga fundo kila mwisho, uniwekee ndani ya bahasha. Usimuulize mtu yeyote. Ukiuliza utaharibu kila kitu.

Mama anakusalimu, Beartla anakusalimu. Nijibu upesi, mdogo wangu.

Dada yako,
Baibín